Niliukata Mti, Kisiki Nikakiacha



Huenda hata sasa nyuma ya nyumba yako upo mti ulionyauka upande mmoja, nawe kila upitapo wautazama ukisema moyoni, "Ngoja kwanza, labda ni jua." Mimi nami nalisema hivyo. Nalisema hivyo muda wa miezi minne, na maneno yale yalitugharimu mibuni 21, ambayo 6 katika hiyo haikuwa yetu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa huu.

Kwanza nijieleze. Mimi ni karani wa parokia katika wilaya ya Misenyi, mkoani Kagera, si mbali na mpaka wa Uganda. Nalisomea ualimu chuoni nikapata cheti, lakini kazi ya kufundisha haikupatikana upesi, basi Padre akanichukua nimwandikie vitabu vya ubatizo na vya ndoa na hesabu za zaka. Nakaa na wazazi wangu, mke wangu na watoto wetu wawili. Nyumba yetu imesimama katikati ya kibanja kama ilivyo desturi ya Buhaya. Ukitoka mlangoni waingia katika migomba, na kati ya migomba ndimo ilimo mibuni. Kwetu hakuna ua mbali na shamba mbali. Uwanja wa nyumba ndio shamba lenyewe. Mgeni akikaa barazani aweza kunyosha mkono akachuma tunda la kahawa. Na kahawa hiyo si ya kuuza tu. Ndiyo tunayoichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, tukaianika, tukampa mgeni atafune kabla hatujamwuliza habari za safari.

Mibuni yetu ilikuwa 31. Babu aliipanda miaka ya 1950, wakati bei ya kahawa ilipokuwa njema, nayo ilimsomesha Tata (ndivyo tumwitavyo baba), kisha ikanisomesha mimi mpaka chuo cha ualimu. Mtu asiyekaa na mti kama huo hataelewa. Mti wa robusta uliotunzwa miaka sitini una mashina manne au matano, na kila shina lina umbo lake. Sisi tuliyajua kama tunavyojua sura za ndugu zetu.

Mwezi wa tatu mwaka 2018 niliona mti mmoja karibu na jiko una matunda mekundu, na hali mavuno yetu huanza kama mwezi wa tano. Ndugu zangu, nalifurahi! Nalimwita mke wangu aje aone. Nilisema, "Mti huu unatutangulizia karo." Sikutazama kwamba majani ya upande ule yamejikunja na kugeuka manjano, wala sikujiuliza kwa nini matunda yanaiva kabla hayajajaa. Baada ya majuma machache majani ya upande ule yakaanguka yote, lakini matunda yakabaki yameng'ang'ania tawi kavu, mekundu kisha meusi. Tata akasema ni jua. Mimi nikasema ni jua. Upande wa pili nao ukafuata.

Kufika mwezi wa saba miti mitatu ilikuwa mikavu. Hapo nikaamua kufanya kazi, nami nikaifanya vibaya.

Wakulima wa kahawa wanajua kwamba mbuni ukizeeka hukatwa karibu na ardhi, ukabaki kisiki, na kisiki hicho hutoa machipukizi mapya yakawa mti tena. Baba zetu walifundishwa hivyo, nasi tukafundishwa. Basi nalichukua panga na msumeno nikaikata ile mitatu, visiki nikaviacha ili vichipue. Kwa panga lile lile, bila hata kulifuta, nikapogolea miti mingine iliyokuwa mizima, maana nilikwisha kujifunga kiuno nikaona nimalize kazi. Kuni nazo zilikuwa nyingi na nzuri. Nilizipanga ukutani pa jiko la Mama, na mizigo miwili nikampelekea jirani yetu, mama mjane anayekaa na mjukuu wake. Alinishukuru sana. Siku ile nililala nikijiona mtu mwema.

Mvua za vuli zilipoanza, visiki vikachipua. Lo, machipukizi yalikuwa mazuri, ya kijani kibichi, yakipanda kama vidole! Nilimwonyesha kila aliyekuja. Kufika mwezi wa pili mwaka 2019 yote yalikuwa yamenyauka, moja baada ya moja, na kando ya visiki vile miti mingine ikaanza kujikunja majani.

Hata hapo sikwenda kumwita bwana shamba. Nitakwambia kwa nini, ijapokuwa ni aibu. Mimi ni mtu wa chuo, watu huniletea barua niwasomee, nikaona haya kwenda kusema kwamba mibuni ya babu yangu inanifia nisijue sababu. Alikuja mwenyewe mwezi wa sita, kwa kuwa alikuwa na safari nyingine kijijini akapita njia yetu akaona. Hakusema mengi. Alitoa kisu, akabandua gome la mti mmoja ulionyauka, chini karibu na ardhi. Ndani, mahali ambapo ubao wa mbuni huwa mweupe, palikuwa na rangi ya bluu inayoelekea weusi, kama wino uliomwagika juu ya karatasi. Nalishika kalamu miaka mingi lakini rangi ile ilinitia baridi.

"Huu ni mnyauko fuzari," akasema. Kisha akaniuliza, "Ile mitatu uliyoikata, kuni zilikwenda wapi?"

Msomaji, nimeulizwa maswali mengi katika mitihani, lakini hakuna lililonishika koo kama hilo.

Akaketi barazani akanieleza. Ugonjwa huu huletwa na kuvu iingiayo katika mti kwa njia ya jeraha, kwenye mizizi au kwenye shina, ikaziba mishipa ipandishayo maji. Ndiyo sababu mti hunyauka kama uliokosa maji hata mvua ikinyesha, na ukiisha kunyauka hakuna dawa ya kuuponya. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukasumbua Kongo, ukatulia miaka mingi, kisha ukainuka tena huko Kongo. Mwaka 1993 ulionekana Uganda, na mwaka 1997 ukavuka mpaka ukaingia kwetu Kagera. Huko Uganda uliharibu karibu nusu ya mibuni yote ya robusta. Mimi mwaka 1997 nalikuwa mtoto, nakumbuka wazee wakisema mambo ya miti inayokauka huko mpakani, nasi watoto tulidhani ni habari za uchawi. Kumbe ni kuvu, nayo husafiri kwa udongo, kwa upepo na mvua, kwa panga la mtu, na kwa kuni.

"Kisiki," akasema, "ndicho nyumba yake. Wewe umebomoa paa, mwenye nyumba umemwacha ndani."

Basi tukapewa kazi. Kila mti mgonjwa, na kila kisiki, kitolewe na mizizi yake, kichomwe pale pale kiliposimama. Kisiburutwe kupita kibanjani, kisibebwe jikoni, kisitupwe njiani. Majani na matawi yaliyoanguka yafagiliwe yaingie katika moto huo huo. Panga na shoka zipitishwe katika ndimi za moto, au zisafishwe kwa ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, kabla hazijagusa mti mwingine. Hayo hatukuyaona mageni sana, kwa sababu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani kwetu mwaka 2006 tulifundishwa vivyo hivyo kuunguza panga. Nalikuwa nimeyajua. Sikufikiri tu kwamba yanahusu na mbuni.

Sasa nikueleze kung'oa kisiki, maana ni kazi ambayo mtu huizungumza kwa urahisi mpaka aishike. Siku ya kwanza tulikuwa wanaume wawili, mimi na mdogo wangu, tuna majembe mawili, sururu, shoka na mtaimbo wa kuazima. Tangu asubuhi mpaka jua kutua tulitoa kisiki kimoja. Kosa lilikuwa langu tena. Ile mitatu ya mwanzo nilikuwa nimeikata chini kabisa, basi hapakuwa na mahali pa kushika. Mti ambao bado haujakatwa, uukate matawi yake yote lakini shina uliache kimo cha kifua cha mtu, nalo litakusaidia kama mpini. Chimba mfereji kuuzunguka, uende chini kama dhiraa moja. Mizizi ya robusta mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, basi utaikuta upesi, nayo ni mingi kama nywele. Ile minene ikate kwa shoka upande wa shina na upande wa nje, uitoe kipande kizima. Kisha watu wawili washike lile shina walisukume huku na huku mpaka udongo ulegee, na mmoja aingie shimoni aukate mzizi mkuu. Ukisikia mlio kama wa mfupa kuvunjika, basi umekwisha. Angalia usiikate mizizi ya migomba bila sababu. Na ukiisha kukitoa kisiki usiondoke. Rudi shimoni kwa mikono uokote vijizizi. Mdogo wangu alininung'unikia hapo, akasema naokota kama kuku. Nikamwambia aokote na yeye.

Moto tuliuwasha juu ya shimo, mdogo mdogo, kwa majani makavu ya migomba na zile zile kuni za mbuni, tukiuangalia usishike migomba. Moshi ulituumiza macho siku nyingi. Lakini kilichoniuma zaidi ni Mama. Alisimama mlangoni pa jiko na kikapu kitupu, akatazama moto, akasema, "Ninyi mnachoma kuni mchana, nami nateremka bondeni kutafuta kuni." Sikuwa na jibu. Kuni kwetu ni taabu, nawe wamwambia mwanamke kwamba ubao mkavu mzuri kama ule hautaingia jikoni mwake. Mke wangu ndiye aliyemweleza, polepole, jioni, wakimenya ndizi. Siku ya pili Mama alileta mwenyewe kuni zilizokuwa zimebaki ukutani, akazitupa motoni, kisha akafagia mahali zilipokuwa.

Kwa Tata mambo hayakuwa mepesi hivyo. Miti iliyougua mwaka ule ilikuwa tisa, na mmoja katika hiyo ulisimama karibu na kaburi la Babu. Babu aliupanda mwaka 1953, juma alilozaliwa Tata. Tulipoukaribia na sururu, Tata alitoka barazani akasimama mbele yetu. Akasema, "Huu hamwugusi. Ukinifia, na unifie umesimama."

Nikajaribu kumweleza habari za kuvu. Akanijibu kwa habari za Babu, jinsi mwaka 1937 watu wa Buhaya walivyokasirishwa na amri za Serikali ya Kiingereza juu ya utunzaji wa kahawa, pakatokea ghasia, na jinsi Babu, kijana wakati huo, alivyoapa kwamba hakuna mtu wa Serikali atakayemwambia la kufanya na mti wake. Nalimheshimu Tata. Mtoto hashindani na mzazi mbele ya kaburi la mzee wake. Lakini nakwambia kweli, heshima yangu siku ile ilichanganyika na uchovu, na sijui ni kipi kilichokuwa kingi. Tukaiondoa minane, pamoja na visiki vitatu vya zamani, ule tukauacha.

Mwezi wa tisa miti mitatu iliyo jirani nao ikaanza kujikunja majani. Hakuna aliyemwambia Tata neno. Asubuhi moja niliamka nikasikia mlio wa chuma ukigonga jiwe. Nikatoka nje. Yeye alikuwa shimoni tayari, mzee wa miaka 66, amevua shati, anakata mizizi. Nikamwambia, "Tata, niachie." Akasema, "Shika upande ule usukume." Tukausukuma pamoja. Ulipolia, aliketi ukingoni mwa shimo muda mrefu, na mimi nikaenda kutafuta majani makavu ili asione kwamba namtazama. Siku mbili zilizofuata tukatoa na ile mitatu. Hesabu yetu ikawa 15 iliyoondoka na 16 iliyobaki.

Sasa yule mama mjane. Alikuwa na mibuni 10 tu. Siku bwana shamba aliponiuliza habari za kuni, nalijua jibu, lakini nalingoja majuma mawili kabla ya kwenda kwake. Nilipokwenda nalikuta minne ya upande wa jiko, pale alipoziweka kuni zangu, imenyauka kwa namna niliyokwisha kuijua, na mingine miwili ina dalili. Bwana shamba alikwisha kuniambia kwamba hakuna mtu awezaye kuapa ugonjwa ulipita njia gani, kwa kuwa mpaka wetu ni mmoja na mvua yetu ni moja. Naweza kujificha nyuma ya maneno hayo nikitaka. Lakini minne ya kwanza ilikuwa pale pale penye kuni.

Nalimwambia yote, nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuni zako mwanangu zilipika vizuri. Sasa niambie, huyu aliyenipa fedha nitampa nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefanya butura. Wasomaji wasio wa Kagera huenda hawajui neno hili. Ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ndogo, kwa sababu mtu ana shida leo na mavuno ni kesho. Imekatazwa, na kwa haki, maana humnyonya maskini. Lakini aliyeikataza hakuwa amesimama penye mlango wa mama yule mjukuu wake aliporudishwa shule kwa kukosa sare. Alikuwa amepokea fedha za debe nne za kahawa ya maganda. Katika miti minne iliyobaki mizima asingepata debe nne hata kwa kuomba.

Mimi na mdogo wangu tukaing'oa miti yake sita, kazi ya siku tano, tukaichoma. Debe nne zile nikazitoa katika mavuno yetu ya mwaka ule, ambayo hayakuwa mengi. Mke wangu hakupinga. Aliniuliza neno moja tu, kama ningefanya hivyo iwapo bwana shamba asingepita njia yetu. Nikanyamaza, naye akaendelea kuanika.

Mashimo tuliyaacha wazi yapigwe na jua. Tulikuwa tumeambiwa mbuni mwingine usipandwe hapo kabla ya miezi sita kwa uchache. Sisi tulingoja karibu miaka miwili, tukapanda maharage na viazi vitamu. Kisha mwaka 2021 tukapata miche ya robusta ya zile aina zinazostahimili mnyauko. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ilitoa aina nne mwaka 2011: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Miche hiyo huzalishwa kwa vipande vya machipukizi, si kwa mbegu, ili mtoto afanane kabisa na mzazi wake. Tulipata michache, nikaigawa sawa kati ya kibanja chetu na cha mama mjane. Yake imestawi kuliko yetu, sijui kwa nini. Labda anaimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Panga la kupogolea sasa lina msumari wake ukutani karibu na mafiga, na hakuna atokaye nalo kabla ya kulipitisha motoni. Mwanangu mkubwa ana miaka minane, naye hulipitisha hata akitumwa kukata majani ya migomba. Namwacha.

Mwaka jana yule mama aliniita. Alikuwa amechemsha kahawa ya kwanza ya miti yake mipya, akaianika, akaniwekea punje chache katika kiganja. Nikatafuna. Akaniuliza kama ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri, ijapokuwa, kwa kusema kweli, chumvi ilizidi.

Shimo la karibu na kaburi la Babu hatujapanda mbuni. Tata hajasema neno juu yake, nasi hatumwulizi. Mke wangu ameweka hapo mashina mawili ya magimbi.